Mtu wa Kukaa na Aikaeli

Nilitumwa Kilimanjaro kuwauliza wazee wanataka serikali iwafanyie nini. Ofisini kwetu Dodoma tulikuwa tunaandaa mpango wa huduma kwa wazee, maana watu siku hizi wanaishi umri mrefu na watoto wao wako mbali. Rasimu ilikuwa tayari, imebaki sehemu ya maoni ya wananchi. Mimi ni afisa ustawi wa jamii, mzaliwa wa Singida, na mlima huo nilikuwa sijauona. Nilipopangiwa safari nilifurahi.

Moshi mjini nilifika mwezi wa saba, mawingu yamefunga, mlima hauonekani hata kidogo. Ofisi ya mkoa ilinipa gari mpaka Kwa Sadala. Pale sokoni akina mama waliokuwa wakishusha mikungu ya ndizi walikuwa rika la mama yangu mzazi. Nikachukua pikipiki kupanda kuelekea Masama.

Njiani kulikuwa na nyumba nzuri za vigae katikati ya migomba, madirisha yote yamefungwa.

"Hizi ni za watu wa Dar," mwenye pikipiki aliniambia. "Zinafunguliwa Krismasi. Au kukiwa na msiba."

Jioni nilipokelewa na Mama Anande, mwenyekiti wa kitongoji, mjane ambaye naye magoti yanamsumbua. Alinipa mtori wa moto, supu nzito ya ndizi, akaniangalia nikinywa.

"Wazee utawapata, afisa, usiwe na wasiwasi," alisema. "Tumebaki sisi kwa sisi."

Asubuhi tulikutana katika ukumbi wa usharika. Ukungu ulikuwa umeingia mpaka ndani. Nilieleza mpango wetu: matibabu bila malipo, dirisha la wazee kila hospitali, pensheni siku zijazo. Walishukuru kwa adabu. Karibu na mwisho mlango ulifunguliwa, akaingia mzee mrefu amemshika mkono mke wake, ambaye sweta lake lilikuwa limevaliwa ndani nje. Alimketisha kwanza, ndipo akasimama kuongea. Aliitwa Elinaja. Ujana wake aliupitisha akipandisha wageni mlimani.

"Dirisha la wazee nalijua," alisema. "Ni zuri, hupangi foleni. Lakini mimi nikienda hapo dirishani, huyu namwachia nani?"

Niliipitia rasimu kichwani, sura kwa sura. Jibu lake halikuwamo.

"Tutaliingiza, baba," nilisema.

"Na litaanza lini?"

"Bajeti ikishapita."

Alitikisa kichwa taratibu, akakaa.

Tulipokuwa tunarudi, Mama Anande alinisimulia. Aikaeli, mke wa mzee, alianza kwa kusahau majina, sasa anasahau hata alikozaliwa. Siku moja mumewe alimwacha kidogo akakate majani ya ng'ombe. Aikaeli akatoka, akakutwa ameangukia kwenye mfereji wa maji. Tangu hapo mzee hamwachi. Miguu yake mwenyewe imevimba, usiku anapumua kwa shida, na kliniki hajarudi tangu Pasaka.

"Majirani je?" niliuliza.

"Jirani wa juu tulimzika. Wa chini hainuki kitandani. Mimi nikikaa na Aikaeli akaanza kutembea, simfikii."

Mchana huohuo nilikwenda kwao.

"Kesho nenda hospitali, baba. Mimi nitakaa naye."

Alinitazama sana. "Wewe ni mgeni, mwanangu."

"Ndiyo. Lakini kesho nipo."

Asubuhi nilimkuta amevaa koti na kofia ya sufu. Alinipa maelekezo kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga. Kula uanze wewe, yeye atafuata. Akitaka kutoka, usimzuie, toka naye. Akikuita Ndeshi, itika. Ni dada yake, alishafariki, usimwambie. Kisha akainama akamwambia mkewe neno la Kichagga, naye akacheka kama msichana. Mzee akapanda pikipiki taratibu, akaondoka.

"Ndeshi," Aikaeli aliniita, "leta ndizi tumenye."

Tulimenya. Mikono yake ilikuwa haijasahau kitu. Ganda lilitoka jembamba, refu. Baadaye tulizunguka kihambani, shamba la nyumbani kwao, tukapita kwenye makaburi ya wakwe zake chini ya migomba. Mchana ulipogeuka alianza kutazama getini.

"Elinaja amechelewa," alisema. Baada ya muda akasema tena. Na tena.

Jioni Mama Anande alikuja akikokota mguu. Hospitali walikuwa wamepiga simu. Mzee amelazwa, moyo umechoka na mapafu yamejaa maji.

Ilikuwa nirudi Dodoma kesho yake. Nilibaki. Nilimpigia Neema, binti yao wa pekee, anayefanya kazi Dar es Salaam. Akasema, "Kila nikipiga baba ananiambia wako salama." Alipanda basi la alfajiri, akashukia moja kwa moja hospitali. Alimkuta baba yake ameshafariki. Daktari alimwambia kwamba mzee angefika hospitali mapema kidogo wangemsaidia.

Siku ya mazishi zile nyumba za vigae zilifunguliwa. Magari yalijaa mpaka barabarani, vijana wakabeba jeneza, wakachimba, wakapika. Sijapata kuona kijiji chenye nguvu kama hicho. Aikaeli alikaa mstari wa mbele amefunikwa kitenge. Neema alipopiga magoti mbele yake akilia, mama alimpangusa machozi.

"Pole sana, mwanangu," alimwambia. "Umefiwa na nani?"

Watu waliokuwa karibu waligeuza nyuso. Mimi nilitoka nikaenda kusimama nyuma ya zizi.

Wiki haikuisha madirisha yakafungwa tena. Ng'ombe aliuzwa, na Neema akaamua kwenda na mama yake Dar. Niliomba kuteremka nao mpaka Moshi. Aikaeli alikataa kuingia garini.

"Namngoja Elinaja."

"Ametangulia, mama," Neema alisema bila kumtazama. "Anatusubiri huko chini."

Basi akaingia upesi, akakaa wima, na njia nzima alikuwa akitafuta dirishani.

Dodoma niliandika pendekezo kwamba kila kitongoji kiwe na mtu wa kulipwa, wa kukaa na mgonjwa ili anayemuuguza apate kutoka. Mkuu wangu alilisoma lote. Si mtu mbaya. Alisema ni zuri, ila mwaka huu halina fungu, akaliweka kwenye viambatisho.

Nilikuwa nadhani wazee wanatunzwa na vijana, na kazi yetu ni kuwasaidia hao vijana. Kule juu niliwakuta wazee wanaotunzana wenyewe, mmoja amemshikilia mwenzake, na akianguka yule anayeshikilia, wameanguka wote wawili. Mpango wetu uliwaona mmoja mmoja tu, kila mtu na ugonjwa wake.

Sasa nikifika wilaya nyingine, kabla sijaeleza lolote huuliza kwanza ni nani ameshindwa kuja, na kwa nini. Wazee huanza kutaja majina, huyu akimkumbusha yule. Wakimaliza hugeuka kunitazama, nami huwa bado nayaandika.