Siku Mbili za Kuitengeneza Rand

Haya bado yananiwasha uso. Mwaka wa tisini na nane, huku Durban, nilikuwa kwenye miezi ya majaribio katika kampuni moja ya mtaa wa Jacobs inayounda kompyuta ndogo za kuendesha mashine za viwanda. Nilipewa kutunza maktaba ya lugha ya kompyuta ya C ya mfumo wake, yaani vile vipande ambavyo programu zote huvitegemea. Kimoja huitwa rand, nacho hutoa namba za kubahatisha. Programu ikikwama, sisi husema imeanguka.

Jumatatu bosi, Bwana Pillay, aliingia amekunja uso. "Rand inaanguka," alisema, "leo kuliko jana."

Niliijaribu mara elfu, haikuanguka. Jumanne nikamuuliza inaangukia wapi.

"Kila mahali. Hata London."

Hatukuwa na mteja London. Nikachanganyikiwa zaidi, nikaiandika upya yote.

Jumatano nikasimama kikaoni. "Bwana Pillay, rand nimeitengeneza. Haitaanguka tena."

Bosi akavua miwani. Espérance, fundi mwenzangu wa kutoka Bukavu, akanivuta shati na kuninong'oneza, "Kaka, ni rand ya mufuko, feza ya inchi, iko naanguka."