Mbao za Mwalimu Zilizopikia Msiba

Tulimzika wiki iliyopita, mvua ikinyesha, yule mama mwalimu wa juu ya Soni aliyekuwa akichonga mbao, akizipaka wino na kuzigandamiza kwenye karatasi zikatoa picha. Mnaonisoma mnanijua: niliishia darasa la nne, nikabeba magogo begani, leo nina mashine mbili za kupasulia mbao na hakuna mti wa Usambara unaonidanganya. Mimi ndiye niliyempelekea vipande vya mkulo, ule mti unaonukia. Siku moja nilikuta ametundika karatasi zake, mistari myeusi na mapengo meupe tu.

“Shikamoo, Mwalimu. Hii sasa ng'ombe au mlima?”

“Marahaba. Na wewe kila kitu lazima kiwe na kwato? Kaa, uitazame.”

Nikakaa. Nikasikia ubaridi wa asubuhi niliyomzika mama yangu, nikaaga haraka. Wazazi nao walisema anawafundisha watoto wao kuchafua karatasi. Alifundisha hivyo hivyo mpaka nywele zikawa nyeupe.

Siku ya msiba kuni zililowa. Wapishi walitokwa machozi kwa moshi, wali hauchemki, na waombolezaji wanazidi kupanda kutoka Mombo. Mmoja akaniita: “Baba, wewe si ndiye mtu wa mbao? Zile za bandani kwa marehemu je?” Nikazitazama, zimechanjwachanjwa, nyeusi tii. Nilidhani picha ikishatoka, ubao umemaliza kazi. “Mkulo mkavu huo, mabaki tu. Tieni!” Ukawaka vizuri mno. Nilisifiwa, nikala sahani mbili.

Tulipotoka makaburini akaja mwanamke mmoja, mwanafunzi wake wa zamani, naye sasa ni mwalimu, ameshika kanga za kufungia mzigo.

“Shikamoo, mzee. Mbao za Mwalimu ziko wapi? Alituachia sisi tuendelee kuzichapa. Karatasi zake nyingi zimeshaoza kwa unyevu.”

Wapishi wote wakanigeukia.

“Tumezipikia,” nikasema.

Yule mwanamke alichuchumaa mekoni, akachokoa majivu kwa kijiti mpaka akapata kipande cha upana wa kiganja, akakifunga kwenye kanga, akashuka mlima.

Hapa kwetu mtu akifa tunajua kugawana shamba na ng'ombe, lakini kazi ya mikono yake hatuulizi iko wapi. Ulizeni kabla ya kuwasha moto. Mbao zilikuwa mbele yangu, na waliokuwa wakizijua walikuwa uani palepale, wamekaa na waombolezaji. Mimi sikuuliza, kwa kuwa nimezoea kuulizwa.