Kupima Mapaa Chini ya Uluguru

Miaka ile ya ruksa, maduka yalipojaa redio na mitumba na kila mwenye fedha akataka ghorofa, nilikuwa mtumishi mgeni katika ofisi ya mipango miji, Morogoro. Mkuu wangu alinipa kazi ya kupima urefu wa majengo ya katikati ya mji na kuchora mstari wa mapaa yake, jinsi unavyoukata mlima ulio nyuma. Alitaka kujua jengo liwe refu kiasi gani kabla halijaufunika Uluguru machoni pa mpita njia.

Mahali palipofaa kusimika darubini ya kupimia palikuwa uani kwa mjane mmoja, Mluguru aliyeteremkia mjini alipoolewa. Nikapiga hodi.

"Shikamoo, bibi. Naomba nisimame hapa nipime majengo."

"Marahaba, mwanangu. Simama, ila vifaranga wangu usiwakanyage."

Nilipomaliza, aliomba naye achungulie. Nikaielekeza darubini mlimani, kwenye shamba la ukoo wa mama yake, alikobaki dada yake. Darubini zile za zamani zilipindua kila kitu juu chini. Alicheka mpaka akaketi.

"Migomba imesimama kwa vichwa!"

Aliniambia kwamba kila asubuhi hutazama huko. Akiona kiraka cheusi cha udongo anajua dada ameanza kulima, naye hufunga mzigo akapanda kumsaidia.

Ripoti yangu ilipendekeza majengo ya mtaa ule yasizidi ghorofa mbili. Ilipokelewa, ikajadiliwa, ikawekwa kabatini. Baadaye mfanyabiashara wa vitambaa, jirani wa bibi, akapata kibali cha ghorofa nne. Nilipopita pale uani, ukuta ulikuwa umeumaliza mlima wote. Nilikasirika kwa niaba yake. Yeye alikuwa akipepeta mchele.

"Nimeshazungumza naye," alisema, basi.

Nilidhani amekubali kuhama, kama wengine waliokuwa wakihamia Kihonda, pembezoni mwa mji.

Jengo lilipokamilika nilitumwa kulipima. Nilifika juu, kwenye paa la zege, nikihema. Bibi alikuwa amechutama pale, akigeuza mihogo iliyoanikwa mkekani.

"Nilimwambia, umeniziba, basi nipe huko juu," alisema. "Hakubisha. Huku naona mpaka mlango wa dada."

Nilikuwa nimeandika kurasa nzima za kumtetea, naye alikwishamaliza shauri lake kwa maneno machache mlangoni kwa jirani. Nikapima, nikaandika.

"Umemaliza? Nishikie upande huo," alisema. "Wingu lile ni la mvua, na magoti yangu hayataki haraka."

Tukaukunja mkeka na mihogo ndani yake, tukashuka taratibu, tukisimama kila ghorofa apumzike. Chini, mwenye jengo aliacha kukata kitambaa, akamwamkia, akatufungulia mlango.