Yule Aliyekaa Kando ya Mchungaji

Tangu nirudi Bukavu nimejenga nyumba ya vigae, nimefungua ofisi yenye jenereta yake, na nimetundika diploma yangu ya Ubelgiji mahali ambapo mgeni lazima aione kabla hajapata kiti. Sikubebwa na mtu. Sikuwa na mjomba serikalini wala dada aliyeolewa Ulaya. Nilifika Brussels na koti la kuazima, nikasafisha ofisi za watu ambao baadaye walinipigia simu kuomba msaada wa kompyuta. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue anaongozwa na nani. Nayasema pia kwa sababu katika mji huu, pamoja na vigae na diploma, mimi najulikana kwa jambo moja tu, na jambo lenyewe limesimuliwa vibaya.

Wakati huo nilipanga chumba mtaa wa Saint-Josse, Brussels, juu ya duka la majani ya pondu yaliyogandishwa na samaki wa chumvi, makayabu. Siku za kazi nilikuwa mtu wa kampuni moja huko Woluwe. Jumamosi nilikuwa mali yangu mwenyewe, na nikaandika programu. Haikuwa ya kuonyesha picha wala ya kuchezea. Ilikuwa ile inayokaa chini ya programu nyingine, haionekani, na kazi yake ni kungoja. Tuseme simu nyingi zimeunganishwa kwenye kompyuta moja. Nani kati yao ana neno sasa hivi? Programu yangu inamtambua, inampa nafasi, inarudi kungoja. Inazunguka hivyo mchana na usiku.

Ugumu ni kwamba kila mfumo wa kompyuta una injini yake ya kungojea. Linux ina yake, epoll. Mifumo ya ukoo wa BSD ina kqueue. Halafu kuna ya zamani, select, ambayo utaikuta karibu kila mahali, kama sabuni ya mche. Tofauti yao ni ya tabia. Injini mpya hukaa imetulia, na mwenye neno ananyoosha mkono. Select haiamini mikono. Hupita kwa kila mtu mmoja mmoja ikiuliza: una neno? Na wewe? Na wewe? Ikifika mwisho inaanza upya. Zaidi ya hayo, ikishapokea watu kama elfu moja hivi, inafunga mlango.

Nilizitumia zote tatu. Kisha nikaandika faili la usanidi ambalo, programu inapojengwa kwenye mashine ngeni, linaichunguza mashine hiyo na kuchagua injini iliyo bora. Ikikosa zilizo bora, inachukua select bila kulalamika. Hapo kwenye kutolalamika nilijisifu sana. Nilikuwa nimechoshwa na programu za wenzangu zinazogoma kujengwa kwa sababu ya faili moja dogo. Yangu, nilisema, itakuwa na adabu.

Hakuna kampuni hata moja ya Ulaya iliyoihitaji. Walioihitaji ni wafiwa.

Kulikuwa na maman mmoja wa kwetu aliyekuwa akitunza wazee huko Laeken. Ndiye aliyenilisha kila Jumapili tangu enzi za koti la kuazima. Mama yake alifariki hapa Bukavu. Maman alikuwa na karatasi za ukimbizi, na karatasi hizo humpeleka mtu popote isipokuwa kule anakolilia. Katika ukoo wao, mtoto wa kwanza ndiye anayesema neno la mwisho kabla jeneza halijafungwa, na hulisema mbele ya wote. Yeye ndiye aliyekuwa mtoto wa kwanza.

Tulikutana kwenye ukumbi wa jumuiya yetu pale Saint-Josse. Papa président wa jumuiya alifungua kikao cha kutafuta namna ya neno hilo kufika Bukavu huku ukoo wote ukisikia.

"Bon. Ile groupe ya ku téléphone inabebaka batu kidogo, kisha inakata. Tufanye je?"

"Si tuko na ingénieur?" mtu alisema kutoka nyuma.

"Ule? Ule anatengenezaka imprimante."

"Papa, mimi sitengenezi printa," nilijibu. "Nina programu yangu mwenyewe. Inaweza kubeba ukoo mzima, pamoja na wa Canada."

"Na wa Kampala?"

"Na wa Kampala."

Maman alinitazama kwa macho mekundu. "Mutoto yangu, usinidanganye. Kama haiwezekane uniambie leo, nitafute njia ingine."

"Maman," nikamwambia, "nina diploma."

Mashine tuliyopewa ilikuwa ya mzee mmoja tuliyemwita tonton, anayepiga video za harusi, na ilikaa kwenye chumba cha nyuma cha ukumbi. Ilikuwa ya ukoo wa BSD, kwa hiyo ingetumia kqueue, kama kompyuta yangu ya mkononi ambayo niliinunua kwa jasho langu. Nikajenga programu pale pale. Ilijengwa bila neno. Jioni yake tukafanya majaribio ya Kikongomani: ukumbi umejaa, kila mtu na simu yake, wote wanaongea kwa pamoja na kila mmoja anataka aambiwe kama amesikika. Wote walisikika. Papa président alinipiga begani na kusema imprimante sasa zitafute mtu mwingine.

Lakini matanga si maongezi. Kwetu, kwenda matanga ni kwenda kukaa. Mtu anafika, anapewa kiti, ananyamaza, na kule kunyamaza ndiko kulikomleta. Kwa hiyo siku ya maziko watu walifungua kiungo wakiwa Brussels, Montréal, Kampala na Goma, wakaegemeza simu kwenye kopo la sukari, wakaendelea kumenya ndizi. Hawakusema kitu. Hawakutoka. Wenye simu mbili waliweka zote mbili, ili hata mume aliye kazini ahesabiwe kuwa amekaa. Hakuna mhandisi wa Ulaya aliyewahi kuwaza watumiaji wa namna hiyo, watu wanaokuja kwa wingi wasiwe na neno.

Kwenye ukuta wa ukumbi, kwa projekta, tuliona jeneza likiwa wazi kwenye ua wa familia hapa Bukavu. Aliyeshika simu pale kando ya jeneza alikuwa mdogo wake maman. Sala zilikuwa zimekwisha na zamu ya maman ilikuwa imefika aliposimama, akarekebisha kitambaa cha kichwa, na picha ukutani ikawa nyeusi. Mtandao wa Bukavu ulikuwa umeyumba kidogo, kama ilivyo desturi yake. Uliporudi, simu ya mdogo wake haikuweza kuingia tena.

Akampigia dada yake mkubwa kwa simu ya kawaida. "Yaya, inatukatalia. Inasema nafasi hakuna."

"Nafasi hakuna?" maman aliuliza taratibu. "Ku matanga ya mama yangu?"

Nilikimbilia chumba cha nyuma. Kwenye kioo programu yangu ilikuwa imeandika, kwa adabu yake yote, jina la injini iliyochagua: select. Ilikuwa imejaa hadi mlangoni.

"Tonton," nikaita, "ulifuta kitu kwenye mashine hii kabla sijajenga?"

"Nilitosha ma fichiers ya bure-bure. Nilikuwa natafuta place ya ma vidéo ya mariage."

"Umefuta mafaili yanayoiambia programu yangu kwamba kqueue ipo."

"Kitu chenye sijue jina yake, ninatosha," alisema, na hakuonekana kujuta.

Injini yenyewe ilikuwepo, salama ndani ya mashine. Kilichofutwa ni maelezo yake tu. Siku ya kujenga, faili langu la usanidi liliyatafuta, halikuyaona, likachukua ya zamani bila kusumbua mtu, na watu wa majaribio hawakufika elfu.

Ukumbini walikuwa wanatafuta ufumbuzi wao.

"Tuombe batu fulani batoke," alisema papa président.

"Nani?" aliuliza mama mmoja. "Utaje jina, papa. Utamwambia nani atoke ku matanga?"

Binamu mmoja alijitolea, akazima simu yake. Nafasi yake ilichukuliwa papo hapo, na sauti kutoka Montréal ikasema, "Bonjour la famille, tumefika." Mwingine akashauri maman aongee na mdogo wake kwa video, wao wawili tu. Maman alitikisa kichwa. Neno lile ni la mbele ya ukoo, alisema, haliongelewi ku masikio kama siri. Mdogo wake akapiga tena: kaburi liko tayari, wingu limefunga, wazee wanauliza wafunge jeneza au wangoje.

"Waambie wangoje," nilisema, kwa sauti ya mtu ambaye bado hajui kama ataweza.

Nikarudisha mafaili yaliyofutwa. Kisha nikaandika kwa mkono kwenye usanidi: hapa tumia kqueue, na kama huioni, goma. Adabu ya programu yangu iliishia hapo. Ilijengwa. Sasa ilibaki kuzima ya zamani na kuwasha mpya, na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Simu zote zingekatika, zirudi zenyewe polepole. Watu elfu moja wangetolewa matanga kwa mpigo, na kila mmoja angeamini ametolewa peke yake. Nawajua watu wangu. Kabla simu hazijarudi wangekuwa wameshaanza kupigiana kuulizana nani ameachwa ndani, na ugomvi huo ungerithiwa. Ilibidi wakatike bila kuona wala kusikia.

Mchungaji alikuwa amekaa mstari wa mbele, simu yake ikiwa wazi ili ukoo wote umsikie. Nikachuchumaa karibu naye.

"Pasteur, naomba uongoze maombi. Ya kimya."

"Ya kimya namna gani?"

"Kila mtu moyoni mwake. Macho yafungwe, na sauti isisikike hata yako."

Alinitazama kama mtu aliyeombwa kuvua viatu sokoni. Alikuwa mchungaji ambaye sala yake ya kubariki chakula ilipoza chakula. "Mutoto, siye hatuombaka vile. Batafikiri nimekosa maneno."

"Ni kwa ajili ya maman."

Akageuka kumtazama maman, ambaye bado alikuwa amesimama mbele ya ukuta mweusi. "Bon. Lakini ukae hapa, uniguse bega ukimaliza. Sitaweza kukaa kimya peke yangu."

Nikaketi kando yake na kompyuta yangu mapajani. Akasimama. "Tufunge macho. Leo kila mutu aombe mu roho yake, bila sauti. Mwenye kufungua macho, Mungu anamuona." Hayo ya mwisho aliyaongeza mwenyewe, na mpaka leo namshukuru.

Nikazima. Kisha nikawasha.

Ukumbi ule haujawahi kuwa kimya namna ile. Simu zikaanza kurudi, chache, kisha kwa makundi, zikapita pale mlango ulipokuwa ukifungwa, na mlango haukufungwa. Bukavu bado. Midomo ya mchungaji ilianza kutetemeka. "Ee Baba..." alianza, nikamkamata mkono, akameza yaliyobaki. Nikainua macho. Nilidhani ni mimi tu niliyeyafungua, lakini maman naye alikuwa ameyafungua. Alikuwa anautazama ukuta kama mtu aliye nje ya mlango na anasikia watu ndani.

Ndipo ua ukatokea, na wingu, na jeneza likiwa wazi. Nikamgusa mchungaji bega. Akasema amina kwa sauti iliyokuwa imekusanywa muda wote ule.

Ukoo mzima ulikuwa umekaa kimya. Mmoja akanyoosha mkono, na injini ikaenda kwake moja kwa moja.

"Mama, ni miye," alisema maman. "Ile kitenge ulinitumia, leo nimeivaa. Batoto bote bamekula. Enda tu."

Sauti ilifika nzima. Mdogo wake alijibu, "Amekusikia, yaya." Wakafunga jeneza.

Wakati wa chakula papa président aligonga glasi. "Mumeona? Maombi ya kimya imefungua réseau." Nikaanza kumweleza kwamba mtandao ulifunguliwa na kqueue. "Oui, oui, ingénieur," alisema. "Kula kwanza." Maman alinijazia sahani kuliko ya mchungaji, lakini alimshukuru mchungaji kwa maneno.

Juzi yule mdogo wake maman alikuja ofisini kwangu kutaka mtandao wa nyumbani. Aliisoma diploma yote, mpaka muhuri. Kisha akanitazama mimi.

"Nakukumbuka. Nilikuona ku picha, ile siku ya mama. Ni weye ule alikuwa anakaa kando ya pasteur."

"Ndiyo," nikasema. "Ni mimi."

Nilienda mwenyewe nyumbani kwake kumfungia mtandao, ingawa nina vijana wa kazi hiyo. Ua ni ule ule. Nilipotaka kuwasha, akanishika mkono. "Bado. Tuombe kwanza. Ya kimya, vile mulifanyaka kule."

Nilikuwa na maelezo ya kqueue tayari, niliyoyabeba miaka yote hiyo. Nikafumba macho. Katika maombi ya namna ile, ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyafumba.