Kiingereza Chepesi cha Vita

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ubao uliopakwa masizi, vipande vya muhogo mkavu vya kuandikia badala ya chaki, na darasa la watu wazima wenye bunduki. Kituo chetu kilikuwa porini, karibu na Nhica, upande wa huku, wa Msumbiji, wa mto Rovuma. Mimi ni mtu wa pwani. Mjomba wangu, fundi cherehani, alikuwa amenipeleka kusoma Mtwara, na huko ndiko nilikopata Kiingereza. Vita vya ukombozi viliponikuta nyumbani, Shefe wa Kituo, yaani mkuu wetu, aliniuliza swali moja tu: "Dada, ni kweli unajua Kiingereza?" Nikasema ndiyo. "Basi leo wewe ni mwalimu. Kaa hapo."

Nyie vijana mtauliza, Kiingereza cha nini wakati tunapigana na Mreno? Dawa zetu zilitoka nje, maandishi yake Kiingereza. Daktari wetu naye alikuwa mgeni aliyejitolea, hajui Kiswahili wala Kimakonde. Kwa hiyo wauguzi walipaswa kukijua, tena upesi.

Na hakikuingia! Mpiganaji mmoja alinisumbua kila siku: "Mwalimu, hawa Waingereza mbona wanaandika herufi halafu hawazisomi? Wana herufi za kutupa?" Darasa zima linacheka, mimi nabaki nimeshika muhogo wangu.

Ndipo akaja Mkuu wa Elimu, bwana wa uwandani, kule juu kwa Wamakonde, aliyesomeshwa na mapadri. Alisikiliza somo, akaniita pembeni. "Kamarada Mwalimu, lugha hii ina mafuta mengi. Yatoe, tubaki na nyama."

Tukayatoa. Tuliandika maneno kama yanavyosikika. Wakati uliopita tukaufuta: jana "I go", leo "I go". Wingi tukautupa. Na kanuni kubwa kuliko zote ilikuwa hii: neno moja la Kiswahili, neno moja la Kiingereza, basi. Dawa ni "medicine". Wadudu ni "worm".

Hapo nilimkatalia Mkuu wa Elimu. "Shefe, mdudu wa tumboni na mdudu wa ghalani, Waingereza wamewatenganisha. Na dawa ya kuponya si dawa ya kuua. Tuwaachie japo neno la sumu."

Alicheka. "Sisi tangu mababu tunasema dawa ya homa, dawa ya panya, na hatujachanganyikiwa. Ukifungua mlango kwa neno moja, yataingia yote. Funga." Vitani amri haina mjadala. Nikafunga.

Nami nisiwe mchoyo wa haki: kazi ilikwenda. Kristina, binti wa Kimakonde kutoka uwandani, ambaye hata Kireno kilimshinda, kabla mvua hazijaisha alikuwa akizungumza na daktari na kucheka naye. Akapelekwa hospitali ya porini kuwa muuguzi na mkalimani. Nilijivunia mno mtoto yule. Mkuu wa Elimu alimtaja katika mikutano.

Mdogo wangu Halima alikuwa mpagazi, akibeba mizigo kutoka mtoni. Siku moja alikohoa sana, akaambiwa akachukue dawa ya kifua kwenye chupa, ndani ya kibanda. Chupa zilikuwa mbili, za aina moja. Moja ilikuwa na dawa ya kuulia wadudu wa ghala la mahindi. Akanywa ile. Alipotambua, alikimbia mwenyewe hadi hospitali, akamwambia Kristina: "Nimekunywa dawa ya wadudu."

Kristina alielewa mara moja. Kiswahili kilikuwa kimemwambia yote. Akamgeukia daktari kwa Kiingereza nilichompa: "She drink medicine of worm."

Daktari alikuwa amezungukwa na majeruhi wa mabomu. Akasema vizuri, dawa ya minyoo hutapisha, apewe maji apumzike. Kristina akamshika mkono, akasema tena: "Bad medicine! Bad!" Daktari akatabasamu kwa uchovu. Dawa zote za minyoo ni mbaya mdomoni, akamjibu, akarudi kwa majeruhi.

Mimi nilikuwa ng'ambo ya mto nikifuata vitabu. Niliporudi nikamkuta Halima kalowa jasho, povu linamtoka. Kristina akaniambia alichokunywa, nami nikamwambia daktari lile neno lililofungwa. Masikini, yule mgeni aliruka, akaangusha beseni, akaita sindano kwa sauti ambayo sijaisahau. Alihangaika naye, wallahi alihangaika. Halima alikufa mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Mkuu wa Elimu alikuja mazikoni, akasema vita vina mengi. Nilimchukia siku ile, na sijui kama nimeacha.

Baada ya uhuru nilifundisha Mbau, kisha Mocímboa, mpaka nikastaafu. Wanafunzi walinipa jina la Bi Maneno, maana sikukubali tena kupunguza hata moja. Walinung'unika, nami niliwaacha wanung'unike. Lugha ikiwa ngumu ni ngumu, jamani, tutaibeba hivyo hivyo.

Kristina hakusema Kiingereza tena maishani mwake. Aliolewa, akalima, akazeeka. Mwaka huu alikuja kunijulia hali, tukaketi barazani tukamenya muhogo. Akaweka kisu chini, akauliza: "Mwalimu, siku ile ya Halima, neno lenyewe lilikuwa lipi?"

Nikamwambia: "Poison."

Akalirudia polepole, mara nyingi, mpaka likamkaa mdomoni.

"Mbona fupi hivi?" akasema. "Hili lingenishinda nini, mwalimu wangu?"

Tulilia, vikongwe wawili, muhogo ukiwa mapajani.