Droo Iliyokula Nafasi ya Mguu

Mume wangu ni fundi wa mageti, na kila anachokiunda hutoka geti. Banda la kuku alilotutengenezea lina mlango wa chuma ambao kuku hawawezi kuufungua, na mimi pia siwezi. Kabati la vyombo lina komeo. Hata kopo la sukari nimewahi kumkuta akiligeuzageuza mkononi, nikamnyang'anya. Mtaa mzima unamwita Komeo, naye huitika kwa madaha kana kwamba ni cheo.

Si mtu mbaya. Ila ana masikio ya mikononi. Asichoweza kukishika hakisikii, na maneno ya mkewe hayashikiki.

Binti yetu ana goti lisilokunjika. Lilivunjika akiwa shuleni, likaungwa, likagoma. Anatembea vizuri na mkongojo wake, lakini kuketi ndani ya gari la watu ni vita. Mguu unajitokeza kama mpini wa fagio, dereva anaguna, abiria wanauruka huku wakimtazama kama aliyeutoa kwa makusudi. Alipopata nafasi ya kujifunza kutengeneza meno ya bandia, kwenye karakana iliyo upande wa pili wa mji, nilianza kukosa usingizi. Baba yake akasema, "Nitamuundia gari."

Akalileta vipandevipande. Chesi, yaani fremu ya chini, injini iliyotolewa kwenye gari la zamani, mwili wa faiba ndani ya makreti, na karatasi za picha za kuonyesha kipi kinaingia wapi. Nilimpenda upya, sikatai. Maana mbele ya kiti cha abiria palikuwa wazi kabisa. Siku binti alipoketi hapo mara ya kwanza, gari halijawa hata na milango, aliunyoosha mguu wote, akafumba macho, akasema, "Mama, kama kitandani."

Kisha akaja fundi rangi.

Huyu ni rafiki wa mume wangu, mfupi, mwenye maneno marefu. Alilizunguka gari, akachungulia ndani, akacheka.

"Komeo, droo iko wapi? Ile ya mbele ya abiria, ya kutia karatasi na miwani?"

"Haikuja nayo."

"Basi hilo si gari. Hilo ni toroli lenye taa."

Mchana uleule mume wangu alikuwa anakata kadibodi ya kupimia. Nilitoka jikoni na mikono yangu ya sabuni.

"Baba watoto, mguu wa mtoto utapita wapi?"

"Nimepima."

"Umempima nani?"

"Mama, nimekwambia nimepima."

Na kweli alipima. Nilimwona kwa macho yangu kupitia dirisha la jikoni. Alimketisha fundi rangi kwenye kile kiti, magoti yamekunjwa, miguu inaning'inia, anatafuna karanga. Hicho ndicho kilichokuwa kipimo. Binti hakuitwa, kwa sababu droo ilikuwa zawadi, asione mpaka imalizike.

Akakata bati la geti. Akalikunja kwenye ukingo wa meza ya kazi, akachomelea pembe, akasaga, akapiga msasa. Mfuniko akauwekea bawaba, na komeo bila shaka. Kisha akalichomelea kwenye bomba la chuma lililo nyuma ya dashibodi, maana kufunga kitu kwa skrubu kwake ni woga. Ndani akabandika mahameli nyekundu. Mahameli ile niliijua. Ilikuwa pazia langu la sebuleni.

Siku ya kuonyesha, binti akaingia. Mguu ulifika kwenye chuma ukakwama. Kiti kimefungwa kwa bolti, hakirudi nyuma. Akajipinda kiuno, akauchomeka mguu upandeupande.

"Asante, Baba. Pazuri sana."

Wakazunguka mtaa mara moja, fundi rangi nyuma akipiga makofi kama yuko harusini. Walipokuwa wakirudi, mimi nilikuwa naangalia mkono wa mwanangu kwenye mlango, jinsi alivyoung'ang'ania. Aliposhuka nilimfuata chumbani, nikampandisha sketi. Alama nyekundu ilikuwa imekata muundi, chini kidogo ya goti.

"Usimwambie Baba. Amefurahi sana."

"Utaketi hivyo kila siku, kwenda na kurudi?"

"Nitazoea."

Ile droo ilinikera. Lakini neno hilo la kuzoea ndilo lililonipandisha mori. Mtoto alivunjika goti bila kosa lake, sasa avunjike na kiuno ili wanaume wawili wapate mahali pa kuweka miwani, na hapo hakuna hata mmoja anayevaa miwani.

Nikachukua mpini wa fagio na vipande vilivyobaki vya pazia langu. Nikatoka uani.

"Baba watoto, keti. Nyoosha mguu."

"Wa nini?"

"Nyoosha."

Nikamfunga mpini kuanzia pajani hadi kwenye kifundo cha mguu, nikakaza.

"Mama, umechanganyikiwa?"

"Nimeweka komeo. Sasa ingia kwenye gari lako."

Alicheka. Fundi rangi alicheka zaidi, akamshika mkono kumsaidia kuingia. Mguu ukagonga chuma, akaguna. Akajaribu huku, akajaribu kule.

"Hauendi," akasema.

"Jipinde kiuno. Utazoea."

Kicheko kikaisha. Nikafunga mlango, nikauegemea.

"Shemeji, mtoe, tumeelewa," akasema fundi rangi.

"Wewe nyamaza. Miguu yako haijawahi kugusa sakafu ya gari."

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Nilimwacha hapo mpaka jasho likamtoka shingoni. Binti alitoka na mkongojo wake, akasimama kwenye ngazi. Baba yake akamtazama kupitia dirishani.

"Ulikuwa unaketi hivi?"

Binti akainamisha kichwa.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi, Baba."

Nikauachia mlango. Alipotoka hakungoja hata nimfungue mguu, aliifuata mashine ya kukatia chuma akichechemea na mpini wangu wa fagio. Kwa kuwa alikuwa amechomelea, ilibidi akate. Cheche zikaunguza rangi mpya, na dashibodi ina kovu mpaka leo. Binti akaketi. Mguu ukaenda mpaka mwisho wake. Akapiga mwayo mrefu, ndipo na mimi nikapumua.

Ile droo sasa imepigiliwa kwenye ukuta wa jikoni kwangu. Ninatia vitunguu, vinalala juu ya mahameli. Mikono ikiwa na maji komeo halifunguki.

Na jana nilimsikia mume wangu nje akimweleza mteja, kwa sauti ya mwalimu: "Pale mbele nilipaacha wazi kwa makusudi. Mwenye gari lazima kwanza amfikirie abiria." Fundi rangi akaitikia, "Kabisa, kabisa."

Nikalipiga komeo kwa mchi likafunguka, nikatoa kitunguu, nikakikatakata vidogo kuliko mchuzi wowote unavyohitaji.