Chumvi Haichezi Muziki

Nitamsema Eseri wa Katunguru, na atakayedai nampaka mafuta aje kwanza ale samaki wangu, maana mwenye njaa hasikii vizuri. Mimi ni Phionah, mpishi wake. Mwaka wa tisa huu nawakaangia wageni wake samaki aina ya ngege pale karibu na daraja la mfereji wa Kazinga. Eseri ana kampuni ya kuwatembeza watu majini waone viboko, na yeye mwenyewe hajui kuogelea. Akipanda boti hakai, husimama ameshika nguzo mpaka irudi.

Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa chumvi kule Kabatoro. Alimwachia ubishi na desturi moja. Mtu wa Kabatoro akitaka kununua mtumbwi, hausifii wala hautukani. Anaupakia magunia ya chumvi, gunia moja kwa kila abiria, halafu anaketi ukingoni na kuteleka chai. Chai ikiiva na mtumbwi bado umetulia, anauchukua. Eseri alinunua boti zake zote hivyo, na hakuna iliyowahi kumwaibisha.

Mwaka huu aliamua kuongeza boti ya sherehe, ya harusi na ubatizo na siku za kuzaliwa. Walinzi wa hifadhi walikubali, mradi muziki uwe wa chini na watu warudi kabla ya jua kuzama. Harusi ya kwanza ilikuwa ya binti yake, Ronah, anayeitwa Masika nyumbani, mwalimu wa Bwera, aliyekuwa anaolewa na Hardy, kijana wa Butembo ng'ambo ya mpaka. Jumamosi wakitoka kanisani, maharusi na wageni sitini wangeshuka Katunguru kupanda boti. Ilikuwa Jumanne, na boti yenyewe hatujaichagua.

Zilikuwepo mbili. Ya kwanza aliileta Nobert, shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye ndiye dereva wa gari la wageni. Iliitwa Mamba. Ilikuwa ya kijani, ghorofa mbili, na mdomo wa mamba mbele wenye meno meupe na macho ya taa nyekundu. Huko juu ndiko kulikuwa uwanja wa kucheza. Ronah aliiona kwenye simu akapiga vigelegele, na mama yake akamwahidi kwamba ataipanda.

Ya pili aliiunda Kakule, fundi wa kutoka Butembo aliyehamia kwetu. Ilikuwa pana, fupi, haina ghorofa, na juu yake alivuta turubai jeupe lenye vilele vitatu, akisema ni theluji ya Rwenzori. Mimi na mdomo wangu nikasema mbele ya watu wote kwamba naona kitanda cha hospitali chenye chandarua. Watu wakacheka sana, Kakule hakucheka.

Basi Jumanne hiyo vijana walipakia magunia sitini ya chumvi kwenye Mamba, ishirini chini na arobaini ghorofani juu. Eseri akateleka chai. Boti ilikaa kimya, ikanyooka, chai ikaiva, tukanywa, na bado imenyooka. Nobert akapiga makofi.

"Mulamu, shemeji yangu, unaona? Gunia arobaini iko juu na boti imetulia tu. Weka sahihi, tumalize."

Eseri alikuwa ameshatoa kalamu. Kakule, aliyekaa juu ya ubao wake akinoa randa, akasema bila kuinua kichwa, "Mama Eseri, chumvi haichezi muziki."

"Unasema nini, fundi?"

"Chumvi haioni tembo. Batu beko na macho, beko na miguu. Weka batu, Mama. Chumvi inakaa pale unaiweka. Mutu hapana."

"Wewe unataka tu kuuza kitanda yako!" Nobert akamfokea.

Mwamba ngoma huvutia kwake, nami nilifikiri hivyo hivyo. Lakini Eseri alimtazama Kakule, akayatazama magunia, akarudisha kalamu mfukoni. Akaamuru chumvi ishuke na watu wapande.

Matembezi ya bure hayakosi watu. Tulipata thelathini: wauza samaki, waendesha bodaboda, na mimi na aproni yangu. Usukani alishika Sunday, aliyekuwa mwanajeshi na hajaacha. Alitugawia jaketi za kuelea huku akibweka, "Vaa! Funga! Hakuna picha kabla ya kufunga!" Eseri alipanda nasi mpaka juu, akasimama ameshika nguzo.

Tuliondoka polepole. Muziki ukafunguliwa, tukacheza, nikamwambia mwenzangu wa karibu kwamba Ronah atapendeza hapa. Ndipo upande wa kushoto tembo akatoka kichakani kuja kunywa maji, na nyuma yake mtoto wake, mdogo, masikio yamemzidi. Mimi nimezaliwa Katunguru, tembo nimewaona wengi kuliko mbuzi. Nilikimbia. Sote tulikimbia.

"Ako na katoto!" mtu akapiga kelele. "Angalia katoto!"

Boti ikaanza kulala. Haikuruka wala haikutikisika, ililala taratibu, na hapo ndipo palipokuwa na ubaya wake, maana kwanza hukujua. Chupa za soda zilibingirika zikanipita miguuni. Nikateleza, nikakamata aproni ya mtu nikidhani ni yangu. Chini yangu niliona maji, karibu mno, na masikio ya viboko yakicheza juu yake. Nikasikia maji yakiingia ghorofa ya chini kupitia dirishani.

Nikageuka kutafuta pa kushika. Upande wa kulia, uliokuwa juu sasa, alibaki mtu mmoja tu. Eseri alikuwa ameikumbatia nguzo kwa mikono miwili, ameegemea nyuma kwa uzito wake wote, macho ameyafumba, anavuta. Mwanamke wa kilo hamsini anavutana na watu thelathini.

"Kaa chini!" Sunday akanguruma kutoka usukani. "Wote! Pale pale ulipo! Mtu asikimbie upande ule! Wewe mama wa aproni, chini!"

Tulikaa. Wengine walikalia wenzao. Boti ikabaki hivyo kitambo, haiendi huku wala kule, halafu ikaanza kurudi, kidogo kidogo, mpaka ikanyooka. Muziki bado ulikuwa unapigwa, na hakuna aliyekuwa na nguvu za kuuzima.

Tulipofika ukingoni Nobert, aliyekuwa amepanda ghorofa ya chini, alikuwa amelowa viatu. "Ni watu wamekosa discipline," akasema. "Jumamosi tutaambia watu wakae."

"Harusi, Nobert?" Eseri akamwuliza. "Utaambia harusi ikae?"

Nobert akavua viatu akamwaga maji. Eseri akaenda kwenye boti ya Kakule, akachora mstari wa mkaa kila ubavu, kiganja kimoja juu ya maji. Halafu akatupandisha wale wale thelathini na kuongeza wengine mpaka tukafika sitini, akatukimbiza kushoto, akatukimbiza kulia, akatukimbiza tena, mpaka gauni langu likachanika. Maji hayakuufikia mkaa. Akatukataza tusimwambie Ronah habari za Mamba. Alisema bibi harusi hapandi boti akiwa na hofu.

Kisha akampigia simu Ronah kumwambia atapanda boti ya Kakule, nami niko karibu nasikia.

"Mama, uliniahidi! Wakwe zangu wote nimeshawaambia. Sasa mimi nitaolewa juu ya kitanda ya hospitali?"

Neno langu lilikuwa limefika Bwera kabla ya habari yenyewe. Nilitamani ardhi inimeze. Ronah akakata simu, na Jumatano, Alhamisi na Ijumaa hakuipokea. Ijumaa hiyo Eseri alikuja jikoni kwangu akakaa juu ya ndoo, akalia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata siku ya kumzika mumewe alikuwa akigawa chakula.

"Phionah, mtoto wangu atanichukia."

"Akuchukie akiwa mzima," nikamwambia. Nilisema kwa ukali kwa sababu nilikuwa najichukia mwenyewe.

Jumamosi walikuja. Ronah alikuwa mzuri wa kuumiza macho. Alinisalimu kwa mikono miwili, akamsalimu Sunday, akamsalimu hata Nobert. Kwa mama yake alipita akiangalia maji. Mama mkwe wake, mama yake Hardy, alisimama chini ya turubai, akainua uso, akashika mashavu.

"Jamani! Iko kama mulima yetu!" akasema, na wenzake wa Butembo wakaanza kuimba hapo hapo. Kakule aligeuka kando akajifanya anakagua msumari.

Tukaenda. Watu wakala, wakacheza, miye nikabaki nimekalia boksi langu la vyombo, na sikutaka kuondoka hapo. Tulipopita ile sehemu ya Jumanne nikalishika boksi kwa nguvu. Na kama walioitwa, tembo wakatoka, si mmoja, kundi zima, wakaingia majini upande wa kulia. Harusi yote ikakimbia, maharusi wakiwa mbele. Boti ikainama kidogo, ikasimama. Nikachungulia mkaa. Ulikuwa mkavu.

Ronah aligeuka kicheko kikiwa bado usoni. Nadhani furaha ilimsahaulisha hasira, akataka kumwita mama yake aje aone. Hakuita. Upande wa kushoto, peke yake, Eseri alikuwa ameikumbatia nguzo, ameegemea nyuma, macho ameyafumba, anavuta.

"Mama anafanya nini?" akaniuliza.

Nilikatazwa kusema. Nikasema. "Hivyo ndivyo alivyotushika Jumanne, Mamba ilipotaka kutumwaga majini. Tulikuwa thelathini tu."

Ronah alinitazama, akatazama wageni wake sitini waliojazana upande mmoja, Hardy katikati yao akimnyooshea mkono aje. Akakusanya gauni lake, akavuka sakafu yote iliyobaki tupu, akaikumbatia nguzo ile ile juu ya mikono ya mama yake, akaegemea nyuma.

Eseri akafumbua macho. "Nenda kule, Masika wangu. Nenda uone tembo."

"Tembo nimeshaona, Mama," Ronah akasema, na hakuachia.